Wa Mwisho Kuvuka

Mwantum alikuwa mwanamke mwenye hasira, na yeyote aliyemlaumu kwa hilo pale Sumbawanga alikuwa hana akili, au alikuwa shemeji yake. Hasira hakuzaliwa nayo. Alitoka kwao Kasanga akiwa binti wa kicheko cha kusikika mtaa wa pili, akaolewa na Muhidin, dereva wa lori, mtoto mkubwa wa Bi Kulsumu mwenye duka. Wakakaa mwaka na kidogo. Halafu vita vya Hitla vikapanda mpaka huku juu Ufipa kutafuta madereva, kana kwamba baridi yetu ya Julai haikutosha kuwa adui, Muhidin akachukuliwa akapelekwa Burma. Mpaka mwaka huu ninaousimulia, wa arobaini na tisa, alikuwa hajarudi. Wala hajafa.

Hajafa, nasema, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusema amekufa. Vita vilipokwisha, karani wa bomani alimwambia Hamidi, mdogo wake Muhidin, neno moja tu: amepotea. Hamidi akarudi na neno lake nyumbani, akalitua barazani kama gunia, na tangu siku hiyo kila mtu akawa analiruka.

Mwantum ndiye aliyekwenda kwa Sheikh Zubery. Alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni eda. Alitaka aambiwe mumeo amefariki, avae nguo nyeupe, akae ndani siku zake, alie mpaka machozi yakauke, kisha atoke akiwa mjane, mtu huru, mwenye umri wa kuzaa bado. Hilo tu. Wanawake wengine huomba Mungu wasilione, yeye akaliomba.

"Kupotea si kufa," Sheikh alimwambia. "Hata mbuzi hupotea akarudi."

"Mume wangu si mbuzi, Sheikh."

"Najua, binti yangu. Lakini siwezi kumweka mtu eda ya mume ambaye pengine yu hai. Niletee aliyemwona maiti. Au mkubwa wake wa jeshi, aseme kwa kinywa chake, mbele yangu na mbele ya mama mzazi. Bila hivyo mikono yangu imefungwa."

Mkubwa wa jeshi! Mwantum atamtoa wapi mzungu wa Burma, chini ya mtungi? Akarudi nyumbani kwa wakwe, akaendelea kuoka mikate ya duka. Si mke, si mjane, si mtalaka. Kila alipolalamika, Hamidi alimjibu kwa methali, maana Hamidi alikuwa mtu wa methali sana kwa shida za wenzake: "Mvumilivu hula mbivu, shemeji."

"Mbivu gani? Hizi zimeshaoza mtini."

Na Bi Kulsumu? Yeye alishikilia kwamba mwanawe yu hai. Kila Idi alimshonea kanzu mpya, akaikunja, akaiweka sandukuni juu ya zile za miaka ya nyuma. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Mwantum, lakini alimpenda kama mtu apendavyo rehani: maadamu imo ndani, mwenyewe atarudi. Mtu akithubutu kusema "marehemu Muhidin" mbele yake, alifukuzwa barazani na kahawa yake haijaisha.

Sasa sikilizeni. Kiangazi cha mwaka huo serikali iliamua kujenga daraja kwenye mto Kamwanda, katika barabara ya kushuka Kasanga. Mto ule kila masika ulikuwa unaikata njia. Mizigo ya meli inakwama ng'ambo, chumvi inaadimika, na samaki wa Kasanga wanatufikia wakiwa wananuka. Mjenzi aliyeletwa aliitwa Kapteni Hallam. Huyu alikuwa mwanajeshi tangu ujana wake, na baba yake mwanajeshi. Vita vilipokwisha maofisa wenzake walirudi kwao kuwinda ndege na kunywa chai. Yeye akavua magwanda, akaingia Idara ya Ujenzi, akawa anajenga madaraja ya Tanganyika moja baada ya jingine, bila likizo, kama mtu mwenye nadhiri. Vibarua walimwita Bwana Kamba, kwa sababu hakukaa mbali na kamba yake ya kupimia hata wakati wa kula.

Nyapara wake alikuwa Theodory, Mfipa wa kijiji cha Kate, Mkatoliki, mtu mrefu mwenye kovu shingoni. Huyu Theodory na Muhidin waliondoka Sumbawanga siku moja, kwenye lori moja, na asubuhi ile walikula ugali wa ulezi alioupika Mwantum kwa mkono wake. Theodory akarudi. Alipoulizwa na Bi Kulsumu, alisema, "Tulitenganishwa huko, mama. Sikumwona tena." Akaondoka haraka, na hakukanyaga tena duka lile. Akija mjini, alinunua chumvi kwa Mhindi upande wa pili wa soko, ilhali duka la kina Hamidi ndilo la kwanza ukiingia.

Mwantum alikuwa ameliona hilo siku nyingi, akalifikiri kuwa ni aibu ya mtu aliyepona. Lakini siku moja Beda, kibarua wa darajani, alikuja dukani kununua mikate ya kambi, akaanza kupiga soga.

"Bwana Kamba na nyapara wetu ni chanda na pete," Beda alisema. "Walikuwa pamoja Burma, kombania moja. Ile ya madaraja."

Mwantum akabaki ameshika mkate hewani. Kombania ya madaraja! Muhidin, katika salamu zake za mwisho alizotuma kwa mdomo wa askari mmoja aliyekuja likizo, alisema amewekwa kwenye kombania ya madaraja, anaendesha lori la mbao na vyuma. Basi mkubwa wake wa jeshi, yule aliyemtafuta kwa dua na kwa laana, alikuwa amekaa hapo Kamwanda, mwendo wa asubuhi moja kwa lori, anakula mikate ya mkono wake! Na Theodory alijua. Na wote wawili wamenyamaza kimya. Ebo!

Kesho yake alipanda lori la Hamidi lililokuwa linapeleka saruji. Hamidi akapiga kelele kwamba mwanamke hapandi juu ya saruji, watu watasema nini. "Waseme," Mwantum akamjibu. "Miaka yote hii walikosa la kusema, leo wamepata." Akakaa juu ya mifuko na kapu lake la mikate mpaka mtoni.

Daraja lilikuwa karibu kwisha, zuri, la mawe na chuma, limesimama juu ya maji madogo ya kiangazi. Kapteni alikuwa mwembamba, mwekundu, nywele zimeanza mvi kabla ya wakati. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha kuamrisha watu na kuomba maji ya kunyolea.

"Muhidin bin Salum, dereva," Mwantum alimwambia bila salamu. "Mimi ni mke wake."

Uso wa Kapteni ulibaki vile vile, lakini kamba ilimtoka mkononi.

"Mimi hapana jua yeye," akasema. "Askari mingi. Yeye potea. Wewe kwenda nyumbani, mama."

Akageuka akaenda zake. Mwantum akabaki na kapu lake. Hajui! Mtu amesikia jina tu, mara anasema amepotea. Nani alimwambia kwamba amepotea? Akakaa chini pale pale kwenye jiwe, akaapa kwamba lori litarudi bila yeye.

Alikaa mpaka jioni, na jioni akaona jambo. Vibarua walikuwa wanafanya kazi upande wa Kasanga, na kambi yao ilikuwa upande huu. Kengele ilipolia walianza kuvuka, mmoja mmoja, juu ya daraja. Kapteni hakuvuka. Alisimama kule mwisho, upande wa pili, akimtazama kila mtu anayepita usoni. Wote wakapita, yeye bado kasimama. Beda alikuwa ameingia kichakani kwa haja zake, hajatokea.

"Nani bado?" Kapteni akaita. "Nani bado? Beda! Beda wapi?"

Sauti yake ilikuwa imepasuka. Ikawa inapanda, inapanda, sauti ya mtu anayeona nyumba inaungua, na kumbe ni mtu mmoja tu yuko kichakani amechuchumaa. Vibarua wakaanza kucheka pembeni. "Kaanza tena," mmoja akasema. "Kila siku hivyo hivyo. Hata mvua inyeshe, yeye ndiye wa mwisho kuvuka." Beda akatoka mbio, anafunga suruali, akavuka. Ndipo Kapteni naye akavuka, taratibu, akipangusa jasho, na upepo wa Ufipa ulikuwa unauma masikio.

Kila mtu alicheka isipokuwa Theodory. Mwantum akamfuata.

"Shemeji Theodory."

"Shemeji," akaitikia, macho chini.

"Kwa nini anafanya vile?"

"Usiniulize mimi. Niliapa."

"Uliapa kwa nani?"

"Kwake."

"Kwake! Na mimi niliyekupikia asubuhi ile, mimi hukuniapia kitu? Mama yake Muhidin aliyekufungia mikate ya njiani, yeye ni nani kwako, mbwa? Wewe ni mwanamume mzima, Theodory, una mke, una watoto, unarudi nyumbani jioni unapokewa jembe. Mimi nimewekwa rafuni kama sabuni. Na ufunguo mnao ninyi wawili, mmeukalia!"

Theodory akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa mekundu.

"Alinipa kazi ili ninyamaze, shemeji. Sikujua hivyo mwanzoni. Nilijua baadaye, na nikaendelea kula. Nenda kamuulize kwa nini havuki kabla yetu. Akishindwa kujibu, rudi hapa. Kiapo kitavunjika, na Mungu atanisamehe au hatanisamehe, shauri yake."

Hema la Kapteni lilikuwa wazi, jua halijazama. Mwantum akasimama mlangoni, akauliza swali lile lile kama alivyopewa. Kwa nini huvuki kabla yao?

Mzungu yule alikaa juu ya kitanda chake cha turubai. Kwanza alisema amechoka. Halafu akasema yeye ni afande, afande huvuka mwisho. Mwishowe akasema yote. Nitawasimulia kwa Kiswahili cha watu, maana chake kilikuwa kinakwenda kwa magongo.

Kulikuwa na mto mdogo huko Burma, na daraja walilolijenga wenyewe. Wajapani walikuwa wanakuja. Amri ilikuwa daraja livunjwe lisiangukie mikononi mwao, na baruti ilikuwa imeshategwa. Muhidin na wenzake walikuwa ng'ambo, wamekwenda na lori kuchukua majeruhi. Lori likakwama kwenye matope, wakaliacha, wakaja kwa miguu, mbio. Kapteni aliwaona. Muhidin alikuwa mbele, amembeba mtu mgongoni. Nyuma yao, kwenye miti, risasi zilikuwa zimeanza. Ilikuwa ni kusubiri kidogo tu, muda wa mtu kuvuta nusu sigara. Kapteni hakusubiri. Mkono wake mwenyewe ndio uliosukuma mpini wa baruti, na daraja likaruka.

"Akafa?" Mwantum aliuliza.

Hapana. Wakati huo hakufa. Moshi ulipotawanyika Muhidin alikuwa amesimama kwenye ukingo wa pili, mzima, yule majeruhi bado yuko mgongoni. Akaita. Mto ulikuwa umejaa, hauvukiki. Kapteni akawaamuru waliobaki waondoke, na Theodory alipokataa kuondoka alimvuta kwa mkanda. Waliporudi siku za baadaye hawakukuta mtu. Hapakuwa na maiti wala kaburi. Akatoa taarifa kwamba wamepotea, kwa maana akisema wamekufa ataulizwa wamekufaje.

Mwantum alisikiliza mpaka mwisho. Alitegemea kwamba atalia. Machozi hayakuja, ilikuja hasira, tena hasira mpya, safi, ya moto.

"Sikuulizi kuhusu daraja," akasema. "Vita ni vita. Pengine ungesubiri mngekufa wote, Mungu ndiye ajuaye. Ninakuuliza kitu kimoja. Vita vimekwisha. Ulimi unao, Kiswahili unakijua, mkoa wetu umeujua, mpaka unakula mikate yangu. Kwa nini hukusema?"

Kapteni akafunika uso kwa mikono. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba atakwenda kwa sheikh. Atasema alimwona Muhidin akifa. Atasema kwa kinywa chake. Basi Mwantum atapata anachotaka.

Shetani naye ana zawadi zake. Mwantum aliikubali zawadi ile. Msimlaumu! Nani kati yenu amewekwa rafuni miaka hiyo yote? Akajiambia njia nzima ya kurudi nyumbani: uongo, ukweli, vyote si vyangu, mimi nataka eda yangu. Akimwambia Sheikh kwamba Muhidin aliachwa akiwa hai, Sheikh atasema si unaona, yu hai, kasubiri. Na Bi Kulsumu atashona kanzu nyingine. Uongo ungemfungulia mlango, ukweli ungemfungia. Mwantum akauchagua mlango.

Ijumaa, baada ya sala, baraza ya Bi Kulsumu ilijaa. Sheikh Zubery alikaa katikati, Hamidi kando yake, na wazee wa mtaa. Theodory alikuja na Kapteni, akakaa mwisho wa mkeka karibu na viatu. Wanawake walikuwa ndani, nyuma ya pazia; Bi Kulsumu peke yake ndiye aliyewekewa kigoda kwenye kizingiti, kwa heshima ya umama. Alikuwa amekuja kukataa. Uso wake ulionyesha hivyo wazi.

Kapteni akavua kofia. Alikuwa amenyoa, amevaa shati safi, kwa kuwa daraja lilikuwa linafunguliwa kesho yake na Bwana DC, na jioni ile ile alitakiwa kulipitisha lori la majaribio.

"Muhidin alikuwa askari mzuri," akaanza. "Mimi kumwona. Yeye kufa mbele yangu. Risasi ya Mjapani."

Watu wakainamisha vichwa. Mwantum nyuma ya pazia alikuwa ameshika ukuta. Haya, basi, akawa anaomba moyoni, imetosha, nyamaza hapo.

Hakunyamaza. Uongo ukianza kupokewa vizuri hunenepa. Kapteni aliona macho ya yule mama yanamganda, akataka kumpa kitu, akaongeza. Akasema Muhidin hakuumia sana. Akasema alimpa maji. Akasema, "Mimi kumshika mkono, mpaka mwisho. Yeye kusema, salimu mama yangu."

Bi Kulsumu akainuka kwenye kigoda. Miguu yake ilikuwa mizito kwa uvimbe, ila alikwenda, akapita katikati ya wanaume bila kuomba njia, mpaka mbele ya mzungu. Akauchukua ule mkono wake wa kulia kwa mikono yake miwili.

"Mkono huu?" akauliza. "Huu ndio uliomshika mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Mungu akubariki, baba. Mungu akuweke. Mimi nilidhani amekufa peke yake." Akaanza kulia, mama wa watu, akauinamia mkono ule akaubusu.

Hapo pazia liling'oka na fimbo yake.

"Muongo!" Mwantum alikuwa katikati ya wanaume, kanga imemteleza kichwani, na hakuijali. "Muongo mkubwa wee! Mama, uache huo mkono! Uache! Mkono huo ndio uliovunja daraja!"

"Mwantum!" Hamidi akapiga kelele. "Una wazimu? Si ndicho ulichokitaka?"

"Nilikitaka! Sikitaki tena kwa bei hii. Nilidhani nitaweza kumeza uongo wake, nikauona mdomo wa mama yangu kwenye mkono ule, nimeshindwa. Mwambieni aseme! Aseme alimwacha wapi! Theodory, mwanamume wewe, sema!"

Theodory akasimama kule penye viatu. "Tulimwacha hai," akasema. "Ng'ambo ya mto. Daraja lilivunjwa wakiwa wanakuja mbio. Nilimwona kwa macho yangu amesimama. Nilikudanganya, mama. Sikutenganishwa naye. Nilimwacha."

Bi Kulsumu alikuwa bado ameushika mkono wa Kapteni, hakuutupa. Aliushika tu, akautazama kama mtu anayetafuta mwiba.

"Alikuwa anaita?" akamuuliza Kapteni.

"Ndiyo."

"Aliitaje?"

"Alisema, 'Kapteni, ngoja. Bado tupo.'"

Bi Kulsumu akauachia mkono. Sheikh Zubery, masikini, akaona ni wajibu wake kusema kitu, akasema kile ambacho Mwantum alikijua tangu mtoni.

"La haula. Basi jambo limebadilika. Mtu huyu aliachwa yu hai. Hakuna aliyemwona maiti. Siwezi, kwa sheria—"

"Sheikh," Bi Kulsumu akamkata. Hakuna aliyewahi kumsikia akimkata Sheikh. "Ulitaka shahidi. Shahidi ni mimi."

"Wewe, mama? Wewe siku zote umesema yu hai."

"Nilisema, na kweli alikuwa hai. Alikuwa hai mpaka leo mchana. Nilimshonea kanzu kwa sababu moyo wangu ulimwona yuko njiani, amechelewa tu. Sasa nimeambiwa alipo. Yuko ng'ambo, na njia imevunjwa, na adui yuko nyuma yake, na mtu yuko mgongoni mwake. Mwanangu namjua. Asingemtua yule mtu akajiokoa. Namjua, nimemzaa. Nimemwona anakufa sasa hivi, hapa barazani, kwa macho yangu mawili." Akapumua. "Miaka hii nimemfunga binti wa watu kwa kamba ya matumaini yangu, wakati matumaini yenyewe yalikuwa mikononi mwa huyu. Andika Sheikh, au usiandike. Mimi mama mzazi nasema Muhidin amekufa. Mwantum, mwanangu, kavae nyeupe."

Sheikh Zubery alitazama wazee, wazee wakatazama mkeka. Akajipangusa uso kwa kilemba. "Mama ameshuhudia," akasema mwishowe. "Dhima nitaibeba mimi mbele ya Mwenyezi Mungu." Akanyanyua mikono kwa Fatiha, na wote wakanyanyua.

Mwantum alisimama pale pale. Alichokiomba kimekuja, na hasira haikuondoka. Ilibaki imesimama naye, bega kwa bega, kwa sababu sasa ilikuwa na kaburi la kulinda. Akamwona Kapteni anainama, anatafuta kofia yake. Lori lilikuwa linangoja nje. Daraja lilikuwa linangoja. Bwana DC, kesho, na bendera. Kapteni alisema kwa upole, kama anayeomba ruhusa msibani kwa watu wengine, "Mimi kwenda sasa. Pole sana, mama. Mimi kwenda."

"Kaa chini!"

Kapteni akageuka.

"Huendi," Mwantum akasema. Hakupiga kelele tena, haikuwa lazima. "Kule uliondoka na watu bado hawajamaliza kuvuka. Hapa tunamzika Muhidin. Itasomwa Yasini, itasomwa hitima, mama atalia, na mimi nitalia. Utakaa mpaka tumalize. Na wewe ndiye utakayeondoka wa mwisho."

Hakuna mwanamume aliyemkemea. Kapteni alitazama mlango, akatazama nje kwenye lori, akamtazama Theodory. Theodory akasogea kidogo kwenye mkeka kumpa nafasi, ila hakumwangalia. Mzungu akavua viatu, akakaa.